Kahawa Iliyoshika Moshi

Upande wa Saboti, Kitale
Jumatano, jioni

Naliaka mwanangu,

Barua yenye adabu huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, sijui wewe. Lakini wewe uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na senge yako, dada yangu, kama lile blanketi jekundu litaingia ndani ya sanduku au halitaingia. Kwa hiyo najua u mzima. Mimi ndiye si mzima sana, ila si ugonjwa wa kupeleka kwa daktari.

Wazazi wengine siku kama ya leo huandika orodha. Vaa sweta, usinunue chakula njiani, usiongee na wanaume wa stesheni, usisahau kusali. Senge ameshakwambia hayo yote mara tatu, kwa sauti inayofika kambi ya chini ya wafanyakazi, na mimi kama ndugu yake sina la kuongeza. Unakwenda Uganda kusomea unesi. Huko utakutana na watu wenye akili kuliko zangu, watakufundisha mpaka namna ya kuosha mikono. Mimi nataka kukueleza jambo moja tu, ambalo limekaa katika nyumba hii miaka kumi na mitano, na ambalo limekufanya umchukie mtu usiyemjua.

Usiisome barua hii mbele ya senge. Isome ndani ya basi, ukishapita Kiminini. Ukifika Bungoma utakuwa umeimaliza, na gari moshi la Uganda litakuwa bado halijaja.

Ndani ya kikapu, chini ya viazi vitamu, nimetia mfuko wa kitambaa cheupe. Ndani yake mna kahawa mbichi, haijakaangwa. Cheti nimekikunja mdomoni mwa mfuko, kimeandikwa na Bwana mwenyewe, Mzungu mwenye shamba hili, kwa sababu askari wa barabarani akimkuta Mwafrika na kahawa bila karatasi huona mwizi, hata kama Mwafrika huyo ndiye aliyeichuma, akaiosha na kuianika. Mfuko huo si wako. Nitakwambia ni wa nani.

Nilikuja shamba hili nikiwa kijana wa kubeba kuni. Memsahib, mke wa Bwana, akaniona nina mikono isiyo na haraka, akaniingiza jikoni. Alinifundisha mkate, alinifundisha supu, lakini alichopenda kunifundisha kuliko vyote ni kutunza kahawa. Kahawa mbichi, alisema, ni mvumilivu. Itie katika mfuko wa kitambaa, iweke pakavu, juu ya mbao isiguse sakafu, nayo itakungoja miezi mingi. Ukishaikaanga, haingoji tena. Kwa hiyo kaanga ya wiki moja tu. Iache ipumue mpaka kesho yake ndipo uifunike. Kopo liwe dogo na lijae, hewa isipate pa kukaa. Liwe mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua. Usiisage mpaka usikie maji yanaanza kuimba. Na usiilaze chumba kimoja na kitu chenye harufu, iwe vitunguu, sabuni, mafuta ya taa au ngozi. "Kahawa iko na pua," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha Kizungu. "Nanusa yote, nashika yote."

Nilizijua sheria hizo kuliko nilivyozijua Amri Kumi. Ndiyo maana kosa langu halina udhuru.

Mama yako, Nekesa, alikuwa mchambuzi. Umeiona kazi hiyo tangu utoto wako, wanawake kwenye meza ndefu ubavuni mwa nyumba kubwa, wakitenga punje nzima na punje zilizovunjika au kuliwa na wadudu. Yeye vidole vyake viliona. Aliweza kuchambua huku unanyonya na asikosee punje moja. Kahawa yote nzuri ya shamba hili ilipita mikononi mwake, na hakuwahi kunywa kikombe hata kimoja. Wafanyakazi hawakuruhusiwa. Na mimi niliyeimimina kila asubuhi sikuwahi kukumbuka kumletea masazo. Niliyanywa mwenyewe, nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni.

Sasa nifike penyewe. Ulikuwa hujatimiza miaka mitatu. Memsahib alikuwa amelazwa hospitali Nairobi, na kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa stoo. Mle ndani mlikuwa na mfuko mmoja wa kahawa iliyochaguliwa, kazi ya mikono ya mama yako ya siku nne nzima. Ilikuwa ya wageni. Wazungu wawili wa kununua kahawa walikuwa waje kuonja, na Bwana alitaka waionje mezani kwake, barazani, wakiutazama mlima. Aliniambia, "Mpishi, hii iko mkono yako." Nami nikavimba kichwa.

Basi mvua ikaja. Mwaka huo ilinyesha kama ina ugomvi na mtu. Siku moja nikafungua stoo nikakuta ukuta umelowa, maji yanateremka nyuma ya mbao. Nikashika mfuko, nikaona kama una ubaridi. Nikaogopa ukungu. Mtu mwenye busara angeuhamishia chumba cha vitabu, au angemwambia Bwana kwamba stoo inavuja. Sikutaka kumwambia. Nilikuwa nimeachiwa ufunguo, na mtu aliyeachiwa ufunguo hataki kwenda kuuliza.

Nikakumbuka mama yangu, bibi yako. Wewe mwenyewe umeona kwetu mbegu zinavyowekwa. Mahindi yaliyochaguliwa yanafungwa maganda mawili mawili, mtama unafungwa mafungu ukiwa bado kwenye masuke yake, vyote vinaning'inizwa darini juu ya mafiga. Moshi unapanda, unazipitia. Hakuna fukusi anayegusa, hakuna ukungu. Miezi sita baadaye unateremsha mbegu nyeusi kwa masizi, unapanda, zinaota zote. Nikasema moyoni, Wazungu na sheria zao, lakini mbegu ni mbegu. Nikauficha mfuko ndani ya koti, nikauleta hapa kambini, nikauning'iniza juu ya moto wa jikoni kwetu.

Mama yako aliporudi kutoka mezani aliuona kabla hajatua kikapu.

"Baba Naliaka, hii ni nini umetundika?"

"Kahawa ya wageni. Stoo inavuja."

Akasimama akiutazama. Halafu akasema, "Si hii ni ya kunywa? Ya kupanda ndio tunaweka kwa moshi. Ya kunywa itashika."

"Maziwa si tunatia moshi kwa kibuyu? Na watu wanapenda."

"Maziwa ni yetu. Hawa hawajazoea." Akaupandishia mkono, akaugusa, akanusa vidole vyake. "Imeanza kushika tayari. Toa, bana."

Nikamwambia neno ambalo nimelisikia kila siku tangu siku hiyo. Nikamwambia, "Wewe unajua nini juu ya kahawa? Umewahi kuionja?"

Akakutia mgongoni akaenda kuteka maji. Mfuko ukakaa juu ya moto wiki tatu. Kila siku nilipitisha mkono nikaona punje ni kavu, zinalia kama kokoto, nikajisifu. Harufu sikuisikia. Mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote pua yake haitofautishi moshi na hewa.

Siku moja kabla ya wageni nikakaanga, nikaiacha ikapumua mpaka kesho yake, nikasaga saa ile ile ya kunywa, yote kwa sheria. Nikavaa kanzu nyeupe. Nikamimina. Mgeni wa kwanza akakinyanyua kikombe, akakirudisha kwenye sahani bila kumeza. Wa pili akanywa kidogo, akacheka, akamwambia Bwana kitu kwa Kiingereza. Sikuhitaji tafsiri. Uso wa Bwana ulibadilika, akavua miwani, akakinusa kikombe chake.

"Hii nanuka moshi. Nani nafanya hii?"

Meza ya wachambuzi ilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka barazani. Wanawake wameacha kazi wanatazama. Mzee Chesebe, nyapara, amesimama na kitabu chake. Mama yako yuko mwisho wa meza, ungo mkononi, na wewe miguuni mwake unachezea maganda.

Naliaka, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ni mimi. Nimelijaribu mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu na masufuria, na kumbe halichukui hata muda wa kuvuta pumzi. Lakini niliona mengi kwa mara moja. Nilimwona Bwana akiniondoa. Ukiondolewa hapa hubaki na nyumba, unajua, unaondoka na ng'ombe wako na wazee wako siku hiyo hiyo. Nilimwona bibi yako mgonjwa barabarani kwenye mvua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye. Ukweli ni kwamba nilichoona kwanza ni kanzu. Niliona nikivuliwa ile kanzu mbele ya wanawake.

Nikasema, "Ni bibi yangu, Bwana, Nekesa. Alitoa kwa stoo akapeleka jikoni kwake. Mimi sikujua."

Nilidhani mama yako atapiga kelele. Nilitaka apige kelele, aniite mwongo, nipate kukasirika. Alinitazama tu. Akaweka ungo mezani polepole ili punje zisimwagike, akafuta mikono kwenye leso, akakubeba. Bwana akamwambia nyapara kwamba kesho jua likitoka asimwone mwanamke huyo shambani kwake. Akaniambia mimi nilete chai.

Nikaleta chai.

Asubuhi yake nilimsindikiza mpaka lango la barabara. Alikuwa na kikapu kimoja. Wewe ulibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba, na kwa sababu alijua kwao Myanga, upande wa Bungoma, mwaka ule hakukuwa na chakula. Aliniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Nimebeba hii kwa ajili ya mtoto na mama yako. Lakini usinibebeshe milele. Mvua ikiisha, uende kwa Bwana useme, halafu unifuate."

Nikasema, "Nitakuja mvua ikiisha."

Mvua ikaisha. Nilingoja Memsahib arudi, nikidhani yeye atanielewa kwa upesi. Akarudi, akanisifu jinsi nilivyotunza nyumba. Kweli ningemharibia siku ile? Nikangoja mavuno. Baada ya mavuno nikangoja Krismasi. Halafu vita vikaanza, na kila mtu akawa na jambo kubwa kuliko langu, nikashukuru. Ndiyo, mwanangu, nilishukuru vita.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ndefu na nilitembea vizuri sana. Nilifanywa mpishi mkuu. Nilifanywa mzee wa kanisa, nakaa benchi la mbele. Watu walipouliza mama yako yuko wapi, mwanzoni nilisema amekwenda kwao kidogo. Baadaye nikasema ni mwanamke wa mikono mibaya, alinitia aibu mbele ya wageni. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuona picha yake: yeye akifungua stoo, yeye akitundika mfuko. Senge yako alilichukua neno hilo na kukulisha pamoja na uji. Usimlaumu. Alilipata kwangu.

Sasa kumbuka soko la Kitale, ulipokuwa na miaka tisa. Nilikupeleka kununua viatu vya shule. Pembeni kwa wauza ndizi akasimama mwanamke mwembamba, kikapu kichwani, akakuamkia kwa lugha yetu, "Mulembe, mwanangu." Alikuwa ametoka Myanga, sehemu kwa miguu na sehemu kwa lori la mbao, kwa sababu mtu alimwambia kwamba siku hiyo tungekuwa pale kununua viatu. Wewe ukajificha nyuma ya koti langu ukasema, "Simtaki huyo. Ananuka moshi."

Ulikuwa mtoto. Maneno hayo hayakuwa yako. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, mtu mzima, mwenye kofia, nikijua ni nani aliyenuka moshi katika nyumba yetu, na sikufungua mdomo. Mama yako alitua kikapu chini, akasema, "Basi, vivae viatu vizuri," akaondoka. Kikapu kilikuwa na njugu na ufuta uliopondwa. Ulikula njugu zile wiki mbili ukidhani ni mimi niliyenunua, ukanishukuru, nami nikaitikia.

Kuanzia hapo hakuja tena. Watu wa Myanga wakipita walileta neno lake, kila mara lile lile. Siku atakayosema mbele ya waliosikia, nitarudi. Sikujibu hata mara moja. Nilijiambia ana kiburi.

Utauliza kwa nini leo. Natamani ningekwambia ni dhamiri, au mahubiri fulani. Ni kwamba barua yako ya kukubaliwa ilipofika uliisoma kwa sauti, na ilipofika mahali pa kusema upande gari moshi Bungoma, senge akasema, "Huko ndiko kwao yule." Nawe ukasema, "Nitafunga dirisha." Ukacheka. Nikacheka nawe. Halafu nikaenda jikoni kwa Wazungu, nikashindwa kupika.

Jumamosi iliyopita, saa sita mchana, nilivua kanzu nikaenda kwenye meza ya wachambuzi. Nilikuwa nimewaita waliosikia siku ile, nao wamebaki watatu: Mzee Chesebe, ambaye sasa anatembea na fimbo mbili, na wanawake wawili, Mama Rasoa na dada yake. Nikasimama. Nikasema yote, mfuko, moto, na neno nililolisema barazani.

Mama Rasoa akaendelea kuchambua. Mwishowe Mzee Chesebe akasema, "Sasa hiyo ndio ulituitia?"

"Ndiyo, mzee."

"Si tulijua, bana. Ufunguo ya stoo ilikuwa kwa kiuno yako. Yeye angeingia na nini?"

Nikawauliza kwa nini hawakusema.

"Wewe ndio bwana yake," akasema. "Ati tuseme sisi, na wewe umenyamaza?"

Mama Rasoa hakuinua macho. Akasema, "Tulingojea wewe useme. Tukangojea, tukangojea. Halafu tukachoka." Akatupa punje mbovu chini ya meza. "Yeye alijua tumejua. Alikuwa anangojea wewe tu."

Umeelewa, Naliaka? Miaka kumi na mitano nililinda siri ambayo haikuwa siri. Kambi nzima ilijua. Kanisani, nikiwa benchi la mbele, walijua. Walinisalimia, wakanipa mkono, wakala nami harusini na matangani, wakijua. Aliyekuwa hajui ni wewe peke yako.

Nikaenda kwa Bwana pia. Nilisema hata kama ataniondoa, na aniondoe. Amezeeka, masikio yamekufa, nikalazimika kupaza sauti. Nikamwambia ile kahawa ya wageni iliyonuka moshi, mwaka ule wa mvua nyingi, mwanamke uliyemfukuza, haikuwa kosa lake. Akaweka mkono sikioni. "Kahawa gani?" Nikarudia. "Kahawa gani?" akauliza tena, kisha akaniambia chai imepoa. Hakumbuki, mwanangu. Mtu niliyemwogopa mpaka nikamtupa mama yako, yeye alisahau kikombe kile labda wiki ile ile. Nilipomwomba kahawa kidogo na cheti, akaandika bila kuuliza ya nini.

Jumapili nikampa kondakta wa basi la Bungoma neno apeleke Myanga: nimesema mbele ya waliosikia, na Alhamisi mtoto atapita stesheni, gari la mchana. Jana akaniletea jibu. "Mwambie nimesikia." Nikamuuliza, hakuongeza kitu? Akasema hakuongeza. Alikuwa akipalilia, na hakuacha kupalilia.

Kwa hiyo sijui kama atakuja. Aliahidi kurudi siku nitakayosema, lakini hakuahidi kungoja mpaka azeeke. Simdai ahadi hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, nami sikumwaga maji tu, niliyamwaga kisha nikakaa nayatazama yakikauka.

Utauliza tena, kwa nini usiende mwenyewe, baba, kwa nini unanituma mimi. Naogopa. Nimejaribu kuliandika hili kwa namna nyingine na zote zilikuwa za uongo. Naogopa uso wake. Sitakwambia umwambie kwamba nitakuja mvua ikiisha, maneno hayo nilishayatumia. Nikipata miguu ya kufika Myanga nitafika, na nisipoipata ajue hivyo. Nawe usibebe ombi langu la radhi kumpelekea. Nilishawahi kumbebesha mwanamke kitu changu, najua kinachofuata. Msomee tu barua hii, kwa sababu hajui kusoma. Usiruke mahali pa kanzu. Usiruke pa soko la Kitale. Hapo pa soko mwachie aone kwamba ni mimi niliyenyamaza, si wewe.

Sina urithi mwingine wa kukupa. Huko kwenye wodi, siku moja utampa mgonjwa dawa isiyo yake, au utaacha mlango wazi, au kitu kingine, maana kila mwenye mikono hukosea. Watauliza nani. Pembeni yako atakuwapo msichana mwingine, pengine maskini kuliko wewe, pengine asiyejua Kiingereza, na jina lake litakuja ulimini mwako upesi kuliko lako. Mimi sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu jinsi lilivyo jepesi, na kwamba baada yake nilipika miaka kumi na mitano na sikumbuki ladha ya chakula chochote.

Sasa mfuko. Nilitaka kumkaangia. Nilikwisha kuwasha jiko. Halafu nikafikiri, nikiikaanga itakuwa na siku chache tu, na sijui kama atakuja kesho, au ataipokea lini, au atataka kuinywa lini. Nikaiacha mbichi ili ingoje. Akiipokea, mwonyeshe: sufuria kavu, moto mdogo, ageuze bila kuacha mpaka zipasuke, aziache zipumue usiku mmoja, azitie kwenye kopo la kifuniko ambalo nimelifunga pamoja na mfuko. Asage za kikombe kimoja tu. Awe na kikombe chake, akae chini, si kwa kusimama nyuma ya mlango.

Stesheni ya Bungoma wauza ndizi hukaa upande wa tangi la maji. Utamjua. Ana mwanya kama wako, na akisimama huweka uzito wote mguu wa kushoto, kama wewe. Akiwapo, usingoje yeye akuamkie kwanza. Alishakuamkia mara moja, sokoni.

Mpe mfuko mkononi, usiuweke chini. Mwambie mfuko ulikaa chumba cha vitabu, juu ya mbao, haukupita jikoni. Hatakuamini kwa maneno, wala hana sababu ya kuamini neno linalotoka kwangu. Ataufungua, atatia vidole, atanusa kabla hajasema lolote. Mwache anuse.

Baba yako,
Wanjala